Piper ya Pink Floyd: mono au stereo?

Albamu ya kwanza ya Pink Floyd, bendi ya rock ya Uingereza, The Piper at the Gates of Dawn (1967), ina miksi mbili, yaani sauti zilizorekodiwa zimechanganywa kwa namna mbili: mono (sauti zote kwenye chaneli moja) na stereo (chaneli mbili, kushoto na kulia). Bora ni ya mono: gitaa la Syd Barrett limeshikana na ngoma, na mwanzoni mwa "Interstellar Overdrive" kinanda cha Richard Wright kinasikika wazi. Kwenye stereo kinanda hicho karibu kimezwe. Ila mwishoni mwa wimbo huohuo stereo inalipa deni: sauti inarukaruka kushoto na kulia hadi kichwa kizunguke. Hapo vaa hedifoni. Spika moja ya simu huunganisha chaneli zote mbili, na mchezo wote unapotea. Toleo la CD la 2007 lina miksi zote mbili.