Scrivener kwa mwandishi mwenye ajira: laptopu kwanza, leseni baadaye

Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni, akakaa kwenye foleni, akala na kulaza watoto, hubakiwa na dakika arobaini hivi za kuandika. Zinazoliwa mara nyingi haziliwi na uvivu. Zinaliwa na kutafuta: niliishia wapi, yule mjomba alikuwa na umri gani sura ya tatu, na kati ya "Riwaya mpya", "Riwaya mpya 2" na "Riwaya mpya ya mwisho kabisa" ipi ndiyo ya mwisho kweli. Ugonjwa huo ndio Scrivener inaoutibu vizuri kuliko Word. Ni programu ya kompyuta ya kuandikia miswada mirefu, ya kampuni ya Literature & Latte ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa 2007 kwa Mac na 2011 kwa Windows. Ina magonjwa yake pia, nayo tutayafikia.

Mswada haukai kama waraka mmoja mrefu. Unakatwa vipande, kila tukio na kipande chake, na vyote vinaonekana kwenye orodha upande wa kushoto. Kwa mwenye muda mfupi, kipande cha maneno 500 hadi 1,500 kinatosha. Kikizidi hapo utarudia kusoma kurasa nyingi kabla ya kuongeza sentensi moja. Ukifungua programu, inakurudisha pale pale ulipoachia. Pembeni kulia pana nafasi ya maelezo ya kipande hicho, na wengi hawaigusi. Itumie hivi: dakika mbili za mwisho kabla ya kulala, andika tukio linalofuata kwa mistari miwili, mfano "Zuhura anashuka bandarini, hajui kwamba barua imeshasomwa." Kesho yake huanzi na ukurasa mweupe.

Kinachostahili bei yake hasa ni kipimo cha malengo, kinachopatikana kwenye menyu ya Project. Unaweka jumla ya maneno, tarehe ya mwisho, na siku za wiki unazoandika. Yenyewe inakokotoa deni la kila kikao. Maneno 60,000, wiki 30, siku nne kwa wiki: vikao 120, maneno 500 kila kimoja. Ukikosa wiki nzima ya kufunga mahesabu ofisini, deni linapanda hadi 517 tu, jambo la kustahimilika. Ukikosa wiki sita, linafika 625, na hapo ni afadhali usogeze tarehe kuliko kujidanganya. Usiweke alama siku zote saba. Mwajiriwa anayepanga kuandika kila siku huishia kuona deni linavimba tangu wiki ya pili, kisha anaacha kulitazama.

Mambo matatu huvuruga hesabu hii. Kwa mpangilio wa kawaida inahesabu kilichoandikwa ndani ya folda ya mswada tu, kwa hiyo ukiandika sura nzima kwenye folda ya utafiti itakusomea sifuri. Siku ya kuhariri, ukifuta maneno 400 na kuandika 300, itaonekana kama hukufanya kazi. Na la tatu linatuhusu sisi: miongozo mingi ya malengo imepimwa kwa Kiingereza. "Hawakuniambia" kwetu ni neno moja. Kwa Kiingereza ni manne au matano. Anayejipa lengo la maneno 80,000 kwa sababu kasoma hivyo kwenye mwongozo wa kigeni anajitwisha kitabu kinene kuliko alichokusudia. Programu inakuruhusu kuhesabu herufi badala ya maneno, na kwa Kiswahili kipimo hicho ni cha haki zaidi. Wakati uko kwenye mipangilio, zima pia kikaguzi cha tahajia, la sivyo kitapiga mistari myekundu chini ya karibu kila neno.

Sasa kasoro. Kubwa ya kwanza: haina toleo la Android. Kuna la iPhone na iPad, linalouzwa peke yake na kusawazisha kazi kupitia Dropbox, hifadhi ya mafaili mtandaoni. Mwenye simu ya Android anayeandika ndani ya daladala au matatu itabidi aandike kwenye programu ya kawaida ya maandishi, ajitumie, kisha abandike jioni kwa Ctrl+Shift+V ili fonti za simu zisiingie. Kama zaidi ya nusu ya maandishi yako huzaliwa kwenye simu, usinunue. Google Docs ni ya bure, na waraka wake mmoja unabeba hadi herufi milioni 1.02.

Ya pili ni usalama wa kazi. Umeme ukikatika hakuna hofu kubwa, kwa sababu programu hujihifadhi ukinyamaza sekunde mbili. Hatari iko kwingine: mradi mmoja, yaani kitabu chako ndani ya programu, ni folda yenye mafaili madogo mengi, na ukiiweka hai ndani ya Google Drive kisha ukaifungua kwenye kompyuta nyingine kabla mafaili yote hayajashuka, vipande vinaweza kugongana au kupotea. Watengenezaji wenyewe hawashauri Google Drive kwa mradi hai. Weka mradi kwenye diski ya laptopu, halafu ingia kwenye mipangilio ya Backup ufanye hivi: nakala za akiba zibanwe kila moja kuwa faili moja la zip, zitengenezwe kila unapofunga, zibaki 25, na ziende kwenye folda ya Dropbox au Drive. Zip moja haina shida huko. Ukiacha ilivyo, nakala zinakaa kwenye diski ile ile, na mwizi wa laptopu anaondoka na vyote. Kabla ya kubomoa tukio, bonyeza Ctrl+5, au Cmd+5 kwenye Mac, upate nakala ya lilivyokuwa.

Na laptopu iwe yako. Ya ofisi huenda hata isikuruhusu kusakinisha, siku ya kuacha kazi inarudi na kila kilichomo, na baadhi ya mikataba ya ajira inampa mwajiri haki juu ya kazi zilizofanywa kwa vifaa vyake. Soma mkataba wako.

Sehemu inayotoa watu jasho ni Compile, yaani kuunganisha vipande kuwa faili la Word, PDF au EPUB (kitabu cha kielektroniki). Kwa mhariri chagua "Manuscript (Times)". Vichwa vya sura vitatoka kwa Kiingereza. Nakili mpangilio huo kwa "Duplicate & Edit", nenda kwenye kiambishi cha kichwa cha sura, futa "Chapter <$t>" uweke "Sura ya <$n>". Alama ya kwanza hutamka namba kwa Kiingereza, ya pili huandika tarakimu, nawe utapata "Sura ya 1". Ukitaka "Sura ya Kwanza", andika kwa mkono. Tenga Jumamosi asubuhi, si usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Bei ni kama dola 60, unalipa mara moja, hakuna ada ya mwezi. Leseni ya Windows na ya Mac ni mbili tofauti. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipia kwa kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa kupitia M-Pesa. Lakini usiharakie. Jaribio la bure ni siku 30 za matumizi, si za kalenda: ukifungua siku mbili kwa wiki litadumu wiki 15. Usilifungue kuchungulia. Fungua siku za kuandika tu, na kwa maneno 500 kila kikao utakuwa na 15,000 kabla ya kutoa senti. Siku ya 29 toa kila kitu kwenda Word, ndipo uamue.