Uzoefu wangu: mbegu ya sukuma wiki Thousand Headed kwa bustani ya nyumbani, Moshi

Kwa nyumba inayotaka mboga ya kuchuma kila wiki bila kupanda upya kila msimu, hii naipa alama za juu kuliko sukuma wiki nyingine zinazopatikana kwenye maduka ya pembejeo hapa Moshi. Thousand Headed haitegemei shina moja. Hutoa machipukizi mengi ubavuni, kila chipukizi na majani yake, na huvumilia ukame kuliko Collards, aina nyingine ya sukuma wiki. Jani lake ni dogo zaidi na likizeeka huwa gumu, kwa hiyo anayefunga mafungu ya kuuza sokoni atafaidika zaidi na Collards.

Pakiti ndogo inatosha kabisa, maana gramu moja ina punje karibu 300. Kabla ya kulipa tazama lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho ya kutumia.

Kitaluni, chora mistari yenye nafasi ya sentimita 15, sia kina cha sentimita 1 na utandaze nyasi kavu juu. Miche ikianza kuchomoza, nyasi ziondoke siku hiyo hiyo, la sivyo itarefuka kutafuta mwanga na kuwa dhaifu. Wiki 4 hadi 6 baadaye iko tayari kuhamishwa, jioni, kwenye udongo uliomwagiwa maji.

Nafasi ndiyo inayowashinda wengi. Mche ukiwa mdogo, sentimita 60 kwa 60 huonekana kama kupoteza ardhi, lakini ukibana hadi 30 machipukizi hayatoki, na hapo umenunua mbegu hii bure. Kila shimo weka konzi mbili za samadi iliyoiva, uchanganye na udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuvuta sota, wale viwavi wanaokata miche usiku usawa wa ardhi. Mche ukikutwa umelala asubuhi, fukua pembeni yake. Sota yupo hapo hapo, amejikunja.

Kuchuma huanza kama wiki 6 hadi 8 baada ya kuhamisha. Anza na majani ya chini, uyavunje kwa kuyavuta kuelekea chini yatoke na kikonyo chote, na uache angalau matano ya juu. Ukiuparua mmea hadi kileleni, utasubiri sana. Baada ya hapo, kila mwezi, weka kizibo kimoja cha soda cha CAN (mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni) kwa kila mmea, sentimita 10 kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu.

Tatizo kubwa ni vidukari. Moshi mjini hushamiri Januari na Februari, joto likiwa kali na mvua hakuna, na hujificha chini ya jani na ndani ya moyo wa mmea wakiwa na unga wa kijivu. Unga huo huzuia maji kuwagusa, ndiyo maana dawa ya maji matupu ya mwarobaini huteleza. Tia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita moja, unyunyize upande wa chini wa jani, jioni, na urudie baada ya siku 5. Majani yaliyojaa vidukari yang'oe mapema, usisubiri dawa.

Wakati wa masika ogopa uozo mweusi: doa la njano lenye umbo la V linaloanzia ukingoni mwa jani, mishipa ikiwa myeusi. Mbegu hii haina kinga nao. Mwagilia chini ya shina, si juu ya majani, ng'oa mmea ulioathirika, na tuta hilo lipe maharage au vitunguu kwa misimu kadhaa. Kabichi, chainizi na loshuu zote hushikwa na ugonjwa huo huo.

Faida ambayo haijaandikwa kwenye pakiti: chipukizi lenye urefu wa sentimita 15, likibanduliwa karibu na shina na kuchomekwa kivulini kwenye udongo wenye unyevu, huota mizizi. Toa majani makubwa kwanza, ubakize mawili madogo ya juu ili lisinyauke, na uchague shina mama lisilo na dalili yoyote ya uozo.