Miezi 14 kwenye jukwaa la kuunganisha kampuni za maabara na wenye mtaji: uzoefu wangu

Nilijiunga na jukwaa hili baada ya mwaka mzima wa kuwaandikia wawekezaji bila kujibiwa. Tuko watatu, na kazi yetu ni utando wa kuchujia chumvi kwenye maji ya bahari. Utando unaotumika kwenye mitambo mingi leo ni wa poliamaidi, aina ya plastiki, na adui yake mkubwa ni klorini. Maji hutiwa klorini ili kuua vijidudu, kisha klorini hiyohiyo inabidi iondolewe kabla maji hayajaufikia utando, la sivyo unaharibika. Wetu unaivumilia. Ukimweleza hivyo mtu wa maji, anavuta kiti akae. Ukimweleza mwekezaji aliyezoea programu za simu, anakuuliza mna watumiaji wangapi.

Ndiyo maana tunahitaji huduma za namna hii. Teknolojia inayozaliwa maabara huwezi kuitoa leo ikiwa nusu kisha ukairekebisha kesho watu wakiwa wanaitumia. Inataka chuo kikuu chenye hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, na vifaa, kampuni kubwa yenye mtambo wa kuijaribia, na mwekezaji wa kubeba miaka ya kusubiri, na inawataka wote kwa pamoja. Jukwaa linaahidi kuwakutanisha hao. Jina lake silitaji, kwa sababu nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na ningependa msomaji ayatumie kupima jukwaa lolote analofikiria kujiunga nalo.

Kujiandikisha hakuna shida, ni fomu tu. Swali moja ndilo lililotushughulisha: teknolojia yenu imefika ngazi gani ya ukomavu? Kipimo hicho kilianzia NASA, shirika la anga za juu la Marekani, na kina ngazi 9, kuanzia wazo la kisayansi mpaka kitu kinachofanya kazi katika mazingira yake halisi. Tukaandika 6. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na mkaguzi wa kiufundi wa jukwaa, mhandisi wa kemia aliyestaafu. Alikuwa amesoma kurasa zote 40 tulizopakia, pamoja na viambatisho.

“Ndugu yangu, kipande chenu kina ukubwa gani?”

“Kama kiganja, mzee.”

“Na hayo maji mliyopitisha, ni ya bahari?”

“Ni ya chumvi, tuliyachanganya wenyewe.”

“Basi andikeni 4. Mkiacha hiyo 6, mhandisi wa kwanza atakayefungua faili atalifunga hapohapo, na hamtajua kwa nini.”

Tukaandika 4. Simu ile ilichukua kama dakika 20, na kama ada yetu ingelipia simu hiyo peke yake, nisingeidai irudi. Kabla ya hapo hakuna mwekezaji aliyewahi kutuambia kosa letu liko wapi. Walikuwa wananyamaza tu.

Sehemu iliyonisikitisha ni ile wanayoitangaza zaidi, yaani mashine ya kulinganisha. Unajaza sekta, ngazi na kiasi cha mtaji unachotafuta, nayo inakuletea orodha. Yetu ilikuja na majina 31. Nikaandaa maelezo kwa kila mmoja, usiku baada ya usiku, na karibu wote wakajibu kwa upole kwamba kazi ni nzuri ila wakati sio. Mmoja ndiye aliyenifungua macho. Mifuko mingi ya uwekezaji huundwa kwa muda wa miaka 10 hivi: miaka ya mwanzo ni ya kuwekeza, inayofuata ni ya kuvuna. Mfuko ulio mwaka wa 7 hauwezi kuchukua utando unaohitaji miaka 6 kufika sokoni, hata wenyewe wakiupenda vipi. Na utando huchukua muda. Ule wa watafiti Loeb na Sourirajan, uliobuniwa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950, ulifungwa kwenye mtambo wa kuhudumia mji wa Coalinga, California, mwaka 1965, na hapo bado teknolojia ilikuwa changa. Kwa hiyo mwaka ambao mfuko ulianzishwa ni taarifa ya lazima, na jukwaa haliionyeshi. Nimewaomba mara tatu waiongeze. Mpaka leo bado, na kila kampuni changa inayojiunga inapoteza usiku uleule nilioupoteza mimi.

Upande wa chuo ndio uliokuwa mgumu, na ndio walioufanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Utando tuliugundua tukiwa watafiti chuoni, kwa hiyo hataza ni ya chuo. Ndivyo ilivyo sehemu nyingi: Marekani, kwa mfano, sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iliviruhusu vyuo kumiliki ugunduzi unaotokana na fedha za serikali kuu, na nchi nyingine zikatunga sheria za mwelekeo huo. Mwekezaji makini hafiki mbali kabla ya kuuliza leseni ya chuo ya kuutumia ugunduzi huo mnayo au hamna. Sisi hatukuwa nayo. Ofisi ya uhawilishaji teknolojia, ile ya chuo inayotoa leseni hizo, ilitaka hisa, mrabaha (yaani sehemu ya mapato ya mauzo), na turudishe gharama zote za hataza kabla ya kusaini. Fedha hizo ndizo tulizokuwa tunazitafuta kwa wawekezaji, ambao nao walitaka leseni kwanza.

Mshauri wa jukwaa aliomba kikao cha pamoja, akaleta rasimu ya masharti, akapendekeza gharama za hataza zilipwe mtaji wa kwanza utakapoingia. Aliwakumbusha pia watu wa ofisi hiyo kwamba Chuo Kikuu cha Stanford walipoipa Google leseni ya hataza ya PageRank, mbinu ya kupanga matokeo ya utafutaji, walichukua hisa, na hisa hizo zikaja kuuzwa kwa dola milioni 336. Profesa aliyekuwa msimamizi wetu aliunga mkono. Ilichukua miezi mitano, lakini tulisaini. Peke yetu tusingefika hapo, naamini hivyo kabisa.

Kampuni kubwa ni mchanganyiko. Ya kwanza tuliyokutanishwa nayo ilifanya vikao vitatu, ikaomba takwimu zote za majaribio, tukazitoa bila mkataba wa kutunza siri, kisha ikanyamaza. Kwenye ripoti ya jukwaa vikao hivyo vimehesabiwa kuwa mafanikio. Hapana. Jukwaa linalochukua ada kwa kampuni changa lilipaswa kusimamisha kikao cha pili mpaka mkataba usainiwe.

Ya pili ilimtuma mhandisi wa mitambo. Hakuangalia slaidi. Aliomba kipande, akakinyanyua kwenye mwanga, akakipinda taratibu kwa vidole viwili huku akisikiliza. “Huu mtaukunjaje?” akauliza. Vichujio vya mitambo mikubwa kwa kawaida ni mitungi ya kipenyo cha inchi 8 na urefu wa inchi 40, na ndani yake tabaka za utando zimegundishwa na kuzungushwa kwenye bomba la katikati. Utando unaopasuka ukikunjwa hauingii kwenye mtambo wowote uliopo, uvumilie klorini usivumilie. Mwaka mzima tulikuwa tunapima chumvi na klorini, na hakuna kati yetu aliyewahi kuukunja. Jioni hiyohiyo tulianza, na kipande cha kwanza kilipasuka ukingoni, pale gundi inapoanza.

Wanaoniuliza kama wajiunge nawaambia hivi: kama hataza yenu imekwama chuoni, au mnahitaji mhandisi wa upande wa mteja auguse mlichotengeneza, jiungeni, na mdai mkaguzi wa kiufundi tangu wiki ya kwanza. Kama mnatafuta orodha ya wawekezaji tu, fedha yenu mtaitumia vibaya. Na mlango si huu mmoja. Creative Destruction Lab, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 2012, haichukui hisa za kampuni inazozilea. The Engine, iliyoanzishwa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2016, iliundwa kwa ajili ya teknolojia ngumu zinazohitaji muda mrefu. Someni masharti yao pia kabla ya kulipa popote.

Sisi tumelipia mwaka wa pili, ila tumeiacha huduma ya orodha. Tumempata mwekezaji mmoja, ambaye mfuko wake uko mwaka wa pili, na kampuni ya yule mhandisi inatulipa kwa majaribio. Mtungi wetu wa kwanza uliokunjwa unafanya kazi kwa mgandamizo wa bari 60 (kama mara 60 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida), kwa maji ya bahari yenyewe. Leo asubuhi ulikuwa umetimiza saa 712, na ukingo bado haujapasuka.