Flasha mpya, balbu mpya, na kosa lilikuwa kwenye nati moja

Naandika bado nina hasira, mnisamehe nikipitiliza.

Pikipiki yangu ni Honda CG125 aliyoniachia marehemu baba. Ya zamani, lakini ukipiga kiki moja tu inaitika. Juzijuzi indiketa zikaanza kunisumbua: kulia zinawaka na kuzima vizuri, kushoto zinawaka zinabaki hivyo hivyo, na ile ya nyuma ni hafifu kama kibatari. Nikitaka kukata kona kushoto, daladala iliyo nyuma yangu haijui naelekea wapi. Hilo si la kuvumilia, nikaenda gereji.

Nilikwenda na mdogo wangu wa kidato cha pili. Mimi namweleza fundi tatizo, yeye anamjibu mtoto! "Mwambie dada yako hiyo flasha imekufa." Flasha ni kile kidude kinachozifanya indiketa zipepese. Ufunguo ninao mimi, hela ninayo mimi. Nikamwambia, "Fundi, mbona kulia zinapepesa?" Hakugeuka hata kunitazama. Akachomoa flasha, akaweka mpya, 8,000. Kushoto vilevile.

Jamani, flasha ni moja kwa pande zote mbili! Kama kulia zinapepesa, flasha ni nzima. Kosa utalitafuta kushoto: balbu, waya, swichi au ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Fundi wa miaka yote hiyo hilo halijui? Analijua. Hakutaka kusikiliza tu.

Mara ya pili akasema balbu zimechoka, akafunga za LED zote nne. Sasa hata kulia zikaacha kupepesa! Flasha ya aina ile inategemea umeme unaopita ndani yake ipate joto, ndipo ikate na kuunga. Balbu zangu za wati 10 zinavuta wa kutosha, LED zinavuta kidogo mno. Yeye akasema nyaya zote zimeoza, nitoe 80,000 afumue upya. Kisha, bado anamtazama mdogo wangu: "Au mwambie auze chuma chakavu." Nilisukuma pikipiki nikaondoka bila kuaga.

Bahati mdogo wangu alikuwa ameziweka balbu za zamani mfukoni mwa shati. Tukazirudisha, kulia kukapona palepale. Kisha nikachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha nyingine nikaigusisha kwenye kikombe cha chuma kinachoshika balbu ya nyuma kushoto. Taa ikawaka kali, ikaanza kupepesa! Nikiondoa waya, kibatari. Nikirudisha, taa. Basi ni ethi.

Nikafungua nati inayoshika indiketa. Kwenye Honda hizi waya wa kijani ndio ethi, na kichwa chake kilikuwa kimeliwa na kutu, kina unga mweupe wenye ukijani. Sisi Tanga tunaishi na upepo wa chumvi, chuma hakipumziki. Nikasugua kwa msasa mpaka kikang'aa, nikakaza nati, nikapaka grisi kidogo juu. Hata nusu saa haikufika.

Sasa nisiwe mdhalimu. Fundi yule mwaka jana alishusha injini ya pikipiki hii hii akaifunga, na mpaka leo haijavuja tone la mafuta. Mkono anao. Kwa injini ningesema nendeni, umeme tu ndio msimpelekee.

Lakini nilimrudishia zile LED, hazijatumika hata siku mbili, nikaomba anirudishie angalau nusu ya hela. Safari hii mdogo wangu hakuwepo. Akamgeukia kijana anayeosha spea: "Mwambie kilichofungwa hakirudi." Nimesimama mbele yake, hatua moja!

Hapana. Nafuta nililosema la injini. Msiende.