Kozi ya jioni ya Kiingereza: wiki 8 za aina za maneno

Nipo mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Moshi, mwaka wa nne sasa. Wateja wetu wengi ni wa mlima: wanalala siku moja kabla ya kupanda na siku moja baada ya kushuka. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, na kilinitosha mpaka siku mgeni mmoja aliponiuliza kama kazi naipenda. Nikamjibu kwa kujiamini: "Yes, I work hardly every day." Alicheka mpaka akashika kaunta. Nilitaka kusema nafanya kazi kwa bidii, na nilijua ukiweka -ly kwenye "hard" mambo yamekwisha: "quick" inakuwa "quickly", "slow" inakuwa "slowly". Kumbe nimemwambia kazi yenyewe naigusa kwa nadra.

Wiki iliyofuata nikalipia kozi. Shilingi 80,000 kwa wiki 8, siku tatu kwa wiki, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Kituo sikitaji jina, maana nina ya kulalamika.

Wiki tatu za mwanzo tuliimba. Watu wazima 14, wengine wana wajukuu, tunaitikia kwa pamoja kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu. Tukaenda hivyo hivyo: kiwakilishi, kitenzi, kivumishi, kielezi, kihusishi, kiunganishi, kihisishi. Nane, zilezile tulizosoma kwenye Kiswahili shule ya msingi. Zoezi ni kupiga mstari chini ya nomino. Nilipata 18 kwa 20. Kesho yake mama mmoja akashuka mlimani anachechemea, nikampa pole yangu: "Sorry madam, you have tired." Akanitazama tu.

Darasani kulikuwa na mzee mmoja dereva wa Noah. Akauliza, "Samahani mwalimu, hii 'the' tunaiweka kundi gani?" Mwalimu akasema ni kama kivumishi, tuendelee. Mzee hakuridhika, na mimi nilikuwa upande wake, kwa sababu "the" ipo karibu kila mstari halafu kwenye ule wimbo wetu haimo. Baadaye nikaona vitabu vingine vinaitengea kundi la tisa, pamoja na "my" na "this". Hilo lingeelezwa kwa dakika mbili.

Wiki ya nne mwalimu yule akapata dharura, akaja dada mmoja kushika nafasi. Hapo ndipo hela yangu ilipoanza kurudi. Aliandika ubaoni neno moja, "water", akauliza ni aina gani. Wote: nomino! Akasema, "Sijaliweka kwenye sentensi, mmejuaje?" Akaandika "The water is cold", chini yake "Water the flowers". La pili ni kitenzi, mwagilia. Akatuambia neno la Kiswahili huja limevaa sare, ukiona anasoma, msomaji, kisomo, kiambishi kimeshakueleza. La Kiingereza mara nyingi halina sare, unalitambua kwa kiti lilichokalia. "Hard" ni kivumishi ikiwa mbele ya "work", na ikiwa nyuma ya "I work" ni kielezi, bila kuongezwa chochote. Nilitamani yule mgeni arudi.

Jioni iliyonifaa kuliko zote ni ile aliyochora safu mbili. Kushoto: nimechoka, nimechelewa, nimeshiba, nimelewa. Kulia: "tired", "late", "full", "drunk". Kushoto vyote ni vitenzi, kulia vyote ni vivumishi, ndiyo maana vinataka "I am" na siyo "I have". Halafu njaa na kiu, kwetu nomino, nina njaa, kwao tena kivumishi: "I am hungry". Miaka yote nilikuwa nahamisha maana pamoja na aina ya neno, kama mtu anayehama nyumba na milango yake.

Upungufu: vihusishi vilipewa jioni moja. Sisi "kwenye" inabeba mzigo wote, kwenye meza, kwenye basi, kwenye gari, kwenye kona. Wao ni "on the table", "on the bus", lakini "in the car", na "at the corner". Mpaka leo nabahatisha. Notsi ni fotokopi ya fotokopi, ukurasa wa viunganishi hausomeki. Cheti ni 10,000 ya ziada, sikuchukua.

Kama una mtihani wa kupiga mistari, nenda. Kama unataka kuongea na watu, kabla hujalipa uliza nani anafundisha, na omba kukaa kipindi kimoja bure. Dada yule nasikia sasa ana darasa la Jumamosi, nimeshajiandikisha.

Mzee wa Noah naye amelipia awamu ya pili palepale. Anasema hatoki mpaka waipatie "the" pa kukaa.