Soketi mpya za koili kwenye IST yangu, baada ya miezi saba

Nianze na hukumu: soketi zenyewe (vichwa vya plastiki vinavyounga waya kwenye koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) safi, ila waya zilizokuja nazo sizipendi.

Gari langu ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ. Ilianza kumisi, yaani injini kuruka mapigo, asubuhi, baadaye hata mchana nikipandisha Kimara, taa ya injini inawaka na kuzima kama inanikonyeza. Mashine ya kupimia gari ikasoma kodi P0303, yaani silinda ya tatu haichomi vizuri. Fundi wa kwanza hakujiuliza mara mbili: "Kaka, koili hiyo imekufa, lete elfu arobaini." Nikanunua ya mtumba. Siku mbili likatulia, ya tatu likarudi kulekule.

Aliyenitoa hapo ni fundi umeme wa mtaani kwetu. Alichukua koili ya namba tatu akaihamishia namba moja. Kumisi kukabaki namba tatu. Halafu gari likiwa linaunguruma, akashika soketi kwa vidole viwili, akaitikisa kidogo tu. Injini ikajikwaa. "Umeona, bosi? Koili umenunua bure." Ulimi wa kufungia soketi ulishavunjika, mtu wa kabla yangu akaibana kwa kikamba cha plastiki. Ukiigusa kwa ukucha inapukutika kama biskuti. Miaka ishirini juu ya injini ya moto, utegemee nini?

Kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani, Dar, nilikuta soketi za aina mbili. Kuna zenye mikia, waya nne nyeusi zimeshaungwa kwa nyuma, elfu 12 moja. Na kuna maganda matupu, elfu 7. Nikachukua mbili mbili, maana zote nne zilikuwa zimechoka.

Ganda tupu linataka subira. Unafungua kizuizi cha ndani, unaingiza sindano nyembamba kuinua kijino kinachoshika pini (ncha ya chuma ya waya), unavuta waya taratibu kwa nyuma, unaihamishia kwenye ganda jipya mpaka isikike "tik". Hakuna waya inayokatwa. Ila kagua pini kwanza: zikiwa zimepanuka kwa kuchokonolewa na mafundi, ganda jipya halitasaidia kitu.

Zenye mikia ndizo zilitutoa jasho. Waya zote rangi moja, na kila moja ina kazi yake: umeme, ethi (ya kwenda kwenye bodi), amri kutoka kompyuta, na ya kurudisha taarifa kwamba cheche imetoka. Piga picha kabla ya kukata! Fundi alitaka kusokota na kupiga tepu, nikakataa. Tukabana kwa vibanio vya shaba, tukavisha mipira inayonywea kwa moto, na kila kiungo tukakiweka urefu tofauti ili visigusane wala kufanya nundu. Risasi ya kuchomelea waya hakutumia, alisema kwa mtikisiko wa injini waya hukatikia pale risasi inapoishia, na hapo nilimwamini.

Miezi saba sasa, mvua za masika zimepita, halijamisi hata siku moja. Maganda yako kama nilivyoyanunua. Lakini mkia mmoja ngozi ya waya imeshakuwa ngumu kama makaroni mabichi, na ningejua ningechukua maganda yote manne. Ufundi elfu 20, saa mbili na nusu.

Ile koili ya elfu arobaini iko kwenye buti, nzima kabisa. Mwenye shida aseme.