Kalenga: usiende kuona fuvu tu ukageuza

Wadau wa Iringa na nyie mnaopanga kuja Iringa, naomba niiongelee Kalenga kwa kirefu kidogo maana naona watu wanaipa dakika kumi na tano afu wanarudi kusema pa kawaida tu. Mi naipa nyota nne. Ni kijiji kikubwa, au kamji kadogo, sema unavyotaka, kama kilomita 15 hivi toka Iringa mjini, mto Ruaha Mdogo unapita palepale, na bahati mbaya yake ni kwamba pako njiani kwenda Hifadhi ya Ruaha. Gari la tour linasimama, mnashuka, mnaangalia fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, picha mbili tatu nje, mnapanda, twende tukaone simba. Na sisi kuna kampuni moja ya mjini (jina nalihifadhi) ilitaka kutufanyia hivohivo, kwenye ratiba yao Kalenga ina nusu saa pamoja na kuchimba dawa humohumo, tukawaambia asanteni sana, tukapanda daladala wenyewe.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba Iringa ya kwanza ndo hii. Makao makuu ya Mtwa (yaani chifu) Mkwawa yalikuwa Kalenga, ndani ya ngome yenye ukuta inaitwa Lipuli, ndio, Lipuli hiyohiyo timu ya mpira ya Iringa, wengine mmepiga kelele uwanja wa Samora miaka na miaka mnashangilia ngome na hamjui. Ule mji wa kule juu mlimani ni wa Wajerumani, waliuanzisha 1896 baada ya kuubomoa huu wa mtoni. Kwa hiyo ukitoka Miyomboni pale mjini kushuka Kalenga unatoka mji mpya unaenda mji wa zamani, ingawa kwa macho unaona kinyume chake kabisa, magorofa yamebaki huko nyuma na mbele yako ni mashamba.

Makumbusho yenyewe ni kajengo kadogo, niwaambie mapema msije mkategemea kama ile ya Posta Dar. Ukiingia kuna mikuki, ngao, bunduki, picha za ukoo, na fuvu liko kwenye kioo. Ukitembea mwenyewe umemaliza fasta sana. Ndo maana nasema hela ya kiingilio (kwa Mtanzania ni ndogo, usilie) unalipia maelezo zaidi kuliko vitu, sasa usimkimbize anayekuelezea. Sisi tulimkuta mzee mmoja, tukampa shikamoo baba, akaitikia marahaba wanangu, kamweneee (salamu ya Kihehe), afu akavuta pumzi akaanza toka kwa Munyigumba baba yake Mkwawa aliyefariki 1879, na hapo nikajua leo hatuondoki mapema.

Vita ya Lugalo alivyoihadithia unasisimka. 17 Agosti 1891, kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski anakuja na kikosi chake chenye mizinga, wanatembea kwa mstari mrefu kwenye bonde, Wahehe wamelala kwenye majani kimyaa, shambulio lenyewe likawa la muda mfupi sana, Zelewski akafa palepale na sehemu kubwa ya watu wake, na Wahehe wakaondoka na bunduki kama mia tatu. Lugalo yenyewe ni huku Iringa jamani, ukiwa unaenda Moro kuna mnara pembeni ya barabara, ile kambi ya jeshi ya Dar imechukua jina tu. Wajerumani wakakaa miaka mitatu wanajipanga, Oktoba 1894 gavana Friedrich von Schele akaja mwenyewe na jeshi na mizinga, ngome ikaanguka tarehe 30. Ila Mkwawa hawakumpata. Alipotelea maporini akawasumbua karibu miaka minne mingine, wameweka dau la rupia 5,000 kwa atakayemleta na bado, mpaka 19 Julai 1898 kule Mlambalasi alipoona wamemkaribia akajipiga risasi mwenyewe, wakaambulia maiti. Kichwa wakakikata kikapelekwa Ujerumani.

Sasa safari ya hicho kichwa ndo iliyonifanya nikae chini kabisa kwenye benchi. Vita ya kwanza ya dunia imeisha, wakubwa wamekaa Versailles 1919 wanagawana dunia, kwenye mkataba ule mkubwa kuna ibara ya 246 inayosema Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita, na ibara hiyohiyo ndo inadai ile Kurani ya Khalifa Othman irudishwe kwa mfalme wa Hejaz. Yaani Kalenga, hapa kwenye bustani za nyanya, iko kwenye mkataba wa Versailles! Miezi sita ikageuka miaka 35. Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Edward Twining, ndo akaenda mwenyewe 1953 kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu kibao, wakachambua kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa ukoo, likapatikana moja vipimo vinaelekea na lina tundu la risasi, likarudishwa Kalenga 19 Juni 1954 na kukabidhiwa kwa mjukuu wake Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye wengi mnamjua kama Spika wa Bunge wa miaka mingi.

Mwenzetu mmoja mdomo ukamwasha akauliza, sasa baba, mna uhakika ni lenyewe? Maana kweli wanahistoria wapo wanaotilia shaka. Mzee hata hakukasirika, akasema vipimo vililingana na vya ndugu, tundu mnaliona, mengine endeleeni nyie wasomi. Nikaipenda hiyo. Mimi binafsi nilivyosimama pale kwenye kioo swali la DNA halikunijia kabisa, nilikuwa nawaza watu waliokusanyika pale 1954, kuna waliomwona akiwa hai.

Mkishamaliza ndani, HAPO ndo msiondoke. Ombeni mtembezwe nje, na mumpe anayewatembeza chochote kitu, msiwe wagumu. Kuna makaburi ya ukoo, Chifu Sapi na Chifu Adam Sapi, kuna sehemu amezikwa Erich Maas, Mjerumani aliyekufa kwenye shambulio lile la 1894, na kuna mabaki ya ukuta wa ngome. Ukuta ndo umebaki vipandevipande, na hapa ndo nimekata ile nyota moja, maana bila mtu wa kukuonyesha unaupita ukidhani ni kichuguu. Hakuna kibao nilichokiona cha kukwambia hapa ndo palikuwa na nini. Kwa sehemu yenye historia kama hii inauma kidogo.

Shukeni mpaka mtoni. Ruaha Mdogo unatoka huko Mufindi, unapita Ipogolo pale chini ya mji, unafika Kalenga umetulia, baadaye unaingia Ruaha Mkuu na maji yanaishia bwawa la Mtera kwenye umeme wetu. Pembeni ni bustani tupu, nyanya, vitunguu, mboga, pampu zinanguruma, kina mama wanachuma huku wanataniana Kihehe na wewe mgeni unajua kabisa unasemwa ila hujui ni nini. Ukisimama pale ndo unaelewa kwa nini Mtwa alichagua hapa, maji yapo, ardhi inalimika, na vilima vimezunguka. Vilima hivyohivyo ndo Wajerumani wakaja kuvitumia kumpigia mizinga. Ukitaka nyongeza chukua boda mpaka Tosamaganga, misheni ya zamani ya Wakatoliki, majengo mazito, miti mikubwa, na upepo safi. Ila elewaneni bei kabla hujakaa kwenye siti, wa kwetu alianza na bei moja tukafika akatamka nyingine, tukabishana mpaka mapadri nadhani walitusikia.

Msosi. Usitegemee hoteli, kuna mama ntilie tu, sisi tulikula ugali na samaki wa kukaanga na mboga ya maboga, ugali wa Iringa nao ni mlima, nusu yake nilishindwa. Ilichelewa sana ile samaki, kiukweli tuliona na mafuta yakiwekwa jikoni, lakini ilikuja ya moto na bei ya kawaida kabisa, sina lawama. Msimu wa masika mkibahatika kuna ulanzi, pombe ya mianzi. Kwa asiyezoea aombe mtogwa, ule mtamu wa kutoka kwenye mianzi, mkangafu, ule mkali uliochacha, uwaachie wenyewe, hasa kama una daladala la kurudia.

Mlambalasi, kule alikofia, ni barabara hiihii mbele zaidi halafu unachepuka, kwa daladala hutafika na boda ni mbali, hiyo fanyeni siku yenye gari. Ukiwa na gari unaweza kuunganisha asubuhi Kalenga, mchana Mlambalasi, hapo umeifuata stori yote ya mwisho wake. Mwenye watoto wa shule awalete, watashika hizo tarehe bila kukaririshwa. Anayetaka bwawa la kuogelea na nyama choma na muziki abaki mjini tu, hapa atanuna.

Hela shika keshi, mitandao ya simu nayo ina siku zake. Mwezi wa sita na wa saba beba koti hata kama jua linawaka, jioni pale mtoni baridi ya Iringa haina urafiki, na gari za kurudi mjini ikifika jioni zinakuja zimeshajaa, kwa hiyo saa kumi muwe mmeshasimama barabarani.